Bei ya programu za kusomea skrini: jinsi aina ya kompyuta ilivyoamua gharama kwa wasioona

Programu ya kusomea skrini ni programu inayomwezesha mtu asiyeona kusikia kwa sauti, au kusoma kwa vidole kupitia kifaa cha nukta nundu, maandishi yanayotokea kwenye kioo cha kompyuta. Bila programu hiyo, kompyuta kwake ni sanduku bubu. Kwa miaka mingi, programu ya aina hiyo iliyotumika zaidi duniani iliuzwa kwa bei mbili. Kilichoamua mtu alipe bei ipi hakikuwa kipato chake wala kazi aliyoifanya, bali toleo la mfumo endeshi lililokuwa ndani ya kompyuta yake.

Kwa mnunuzi wa Marekani, tofauti hiyo haikuwa kubwa sana. Kwa asiyeona wa Nairobi, Kampala, Kigali au Bujumbura, aliyepata kompyuta ya mtumba iliyokwisha kutumika ofisini Ulaya, mpango huo ulimweka mara nyingi kwenye fungu la bei ya juu. Makala haya yanaeleza mpango huo ulitoka wapi, kwa nini ulionekana wa haki kwa waliouanzisha, na nini kimebadilika tangu hapo.

Asili ya kupanga bei kwa kufuata mashine

Hapo mwanzo programu hazikuuzwa peke yake. Kampuni iliyonunua au kukodi kompyuta kubwa ilipewa programu pamoja na mashine, na gharama ya zote mbili ilikuwa moja. Mabadiliko makubwa yalikuja Juni 1969, pale kampuni ya IBM ya Marekani ilipotangaza kwamba itaanza kutoza programu zake kadhaa na huduma zake mbali na mashine. Tangu hapo programu ikawa bidhaa, na swali la bei yake likazaliwa.

Swali hilo ni gumu kwa sababu programu haifanani na gunia la mahindi. Kuandika programu ya kwanza hugharimu fedha nyingi na miaka ya kazi, lakini kutoa nakala yake ya pili au ya elfu moja hakugharimu chochote cha kutajika. Muuzaji wa mahindi anajua kila gunia limemgharimu kiasi gani. Muuzaji wa programu hana kipimo hicho kwa kila nakala. Hivyo hutafuta kipimo kingine, na mara nyingi kipimo hicho kimekuwa uwezo wa mnunuzi kulipa.

Kwa kuwa muuzaji hawezi kuchungulia mfuko wa mteja, aliangalia mashine yake. Aliyenunua kompyuta kubwa alihesabiwa kuwa tajiri zaidi na mwenye faida zaidi kutokana na programu, kwa hiyo alitozwa zaidi. Baadhi ya kampuni ziliweka mafungu ya bei kwa kufuata ukubwa wa kompyuta. Kampuni ya Oracle iliwahi kutoza programu yake ya hifadhidata kwa kufuata kasi ya prosesa, mpango ulioachwa mwaka 2001 baada ya wateja kulalamika. Microsoft nayo, kuanzia toleo la mwaka 2012 la programu yake ya hifadhidata, ilihama kutoka kutoza kwa kila prosesa na kuanza kutoza kwa kila kiini kilichomo ndani ya prosesa.

Katika biashara za namna hiyo, mnunuzi huwa ni benki, kampuni ya simu au wizara. Anao mawakili na maofisa wa ununuzi, na anaweza kubishana. Jambo huwa tofauti pale kipimo kile kile kinapohamishiwa kwa mtu mmoja ambaye hana programu nyingine ya kumtosheleza.

JAWS na bei zake mbili

Programu ya JAWS ilianzia Florida, Marekani. Mwasisi wake, Ted Henter, alikuwa mwanamichezo wa mbio za pikipiki aliyepoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978. Baadaye alijifunza uandishi wa programu, na mwaka 1987 akaanzisha kampuni ya Henter-Joyce pamoja na Bill Joyce. Toleo la kwanza la JAWS lilitoka mwaka 1989 kwa ajili ya mfumo wa DOS, na toleo la Windows likafuata mwaka 1995. Mwaka 2000 kampuni hiyo iliungana na nyingine na kuwa Freedom Scientific.

Katika muongo wa 2000, JAWS iliuzwa kwa matoleo mawili. Toleo la kawaida liliuzwa kwa takriban dola 895 za Marekani, nalo lilifanya kazi kwenye matoleo ya Windows yaliyokusudiwa kutumika nyumbani. Toleo la kitaalamu liliuzwa kwa takriban dola 1,095, na ndilo lililofanya kazi kwenye Windows za maofisini, kama vile Windows 2000 na Windows XP Professional. Kazi kuu ya matoleo hayo mawili ilikuwa ile ile: kusoma kilichomo kwenye skrini. Aliyenunua toleo la kawaida kisha akapata kompyuta yenye Windows ya ofisini, alilazimika kulipia kupanda ngazi.

Nchini Marekani mpango huo ulikuwa na mantiki yake. Kompyuta ya nyumbani ilinunuliwa na mtu binafsi kwa fedha zake, ilhali kompyuta ya ofisini ilinunuliwa na mwajiri. Aidha, leseni nyingi za wasioona nchini humo hulipiwa na idara za serikali za majimbo zinazowasaidia watu wenye ulemavu kupata ajira, au na idara inayowahudumia wanajeshi wastaafu. Kwa hiyo muuzaji alipotazama toleo la Windows, aliweza kukisia nani atalipa.

Mtumba wa ofisini hugharimu zaidi

Mantiki hiyo ilipovuka bahari iligeuka. Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya kompyuta zilizofika shuleni na kwenye vituo vya mafunzo zilikuwa zimekwisha kutumika kwingine. Shirika la Computer Aid International la Uingereza, kwa mfano, limekuwa likikusanya kompyuta zilizoachwa na kampuni na taasisi za nchi hiyo, kuzifanyia ukarabati na kuzipeleka katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo. Wafanyabiashara wa maduka ya mitumba nao huagiza mashine za aina hiyo hiyo.

Kompyuta iliyotoka ofisini mara nyingi huwa na Windows ya ofisini. Hivyo mwanafunzi aliyepewa kompyuta ya msaada kwa sababu familia yake haina uwezo, kwa macho ya mpango wa bei alionekana kama mfanyakazi wa kampuni kubwa. Jirani yake mwenye uwezo, aliyenunua kompyuta mpya ya nyumbani dukani, alistahili bei ya chini. Kipimo kilichowekwa ili tajiri alipe zaidi kilimtoza zaidi asiye nacho.

Uzito wa jambo hilo huonekana ukiulinganisha na vipato. Mwaka 2005, pato la wastani la mtu mmoja kwa mwaka lilikuwa chini ya dola 800 katika kila nchi kati ya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Maana yake ni kwamba hata toleo la bei ya chini lilizidi pato la wastani la mwaka mzima. Kwa shule, hesabu iliongezeka kwa idadi ya mashine. Chumba cha kompyuta 20 kingehitaji dola 17,900 kwa bei ya toleo la kawaida na dola 21,900 kwa bei ya toleo la kitaalamu, kabla ya punguzo lolote la ununuzi wa pamoja. Tofauti ya dola 4,000 ilitokana na jina la mfumo endeshi peke yake.

Waliokosa fedha walikuwa na njia moja halali ya kutumia JAWS bila leseni: toleo la majaribio. Toleo hilo hufanya kazi kwa dakika 40, kisha hukoma mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Mwanafunzi anayeandika insha kwa njia hiyo hana budi kuhifadhi kazi yake, kuzima, kusubiri na kuanza tena kila baada ya dakika 40. Wengine walitumia nakala za wizi, jambo lililowanyima masasisho na msaada wa kiufundi na kuwaweka katika hatari ya virusi vya kompyuta.

Hoja za watengenezaji

Haki inadai kwamba upande wa pili usikilizwe. Soko la programu za kusomea skrini ni dogo. Utafiti wa kimataifa ulikadiria kwamba mwaka 2020 kulikuwa na watu wapatao milioni 43 wasioona kabisa duniani, na wengi wao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati na hawamiliki kompyuta. Gharama ya kuandika programu hugawanywa kwa wanunuzi wachache, kwa hiyo fungu la kila mmoja huwa kubwa.

Kazi yenyewe haina mwisho. Kila mara Windows, programu za ofisi au vivinjari vya mtandao vinapobadilika, programu ya kusomea skrini hulazimika kubadilishwa ili iendelee kusoma sawasawa. Benki inayomwajiri asiyeona huhitaji wataalamu wa kuirekebisha ili ielewane na mfumo wa benki hiyo. Simu za wateja hupokelewa na watu wanaolipwa mishahara. Watetezi wa bei za mafungu husema pia kwamba kama bei ingekuwa moja kwa wote, mnunuzi wa nyumbani angepandishiwa ili mwajiri apunguziwe.

Hoja hiyo ya mwisho ina uzito. Kutoza bei tofauti kwa watu tofauti si dhuluma yenyewe. Hospitali nyingi hufanya hivyo, na vyuo vikuu pia. Kasoro ilikuwa katika kipimo. Toleo la mfumo endeshi hueleza mashine ilitengenezwa kwa ajili ya nani. Halielezi mashine hiyo iko mikononi mwa nani leo.

Baada ya miaka kadhaa kampuni yenyewe ilibadili mgawanyo huo. Toleo la bei ya chini sasa huitwa toleo la nyumbani, na mpaka wake ni matumizi: ni kwa ajili ya mtu binafsi asiyeitumia kibiashara, huku toleo la kitaalamu likiwa kwa ajili ya kazi. Kampuni pia ilianzisha leseni ya mwaka mmoja kwa watumiaji wa nyumbani, mpango ulioanzia Marekani kwa takriban dola 90 kwa mwaka.

Programu ya bure kutoka Australia

Msukumo mwingine ulitoka nje ya soko. Mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, alianza kuandika programu ya kusomea skrini ambayo mtu yeyote angeweza kuitumia bila malipo. Rafiki yake James Teh, ambaye naye haoni, alijiunga naye, na mwaka 2007 wakaanzisha shirika lisilo la kibiashara la NV Access. Programu yao inaitwa NVDA. Hoja yao ilikuwa kwamba asiyeona hapaswi kulipa zaidi ya anayeona ili kutumia kompyuta ile ile.

NVDA haibagui mashine. Hufanya kazi kwenye Windows ya nyumbani na ya ofisini pasipo tofauti, na inaweza kubebwa kwenye flashi na kutumiwa kwenye kompyuta ya maktaba au ya mgahawa wa intaneti. Kwa mtu asiye na kompyuta yake mwenyewe, jambo hilo lina thamani kuliko maneno yanavyoweza kueleza, kwani leseni ya kawaida hufungwa kwenye mashine chache zilizosajiliwa.

Takwimu za matumizi zinaonyesha mabadiliko hayo. Taasisi ya WebAIM ya Marekani hufanya uchunguzi wa mara kwa mara kwa watumiaji wa programu hizo, ingawa wengi wanaojibu ni wa Amerika Kaskazini na Ulaya. Katika uchunguzi wa kwanza, uliotolewa mwaka 2009, karibu robo tatu ya waliojibu walitumia JAWS, na asilimia 8 tu walitumia NVDA. Mwaka 2019 NVDA iliipita JAWS kwa mara ya kwanza kama programu kuu ya watumiaji, kwa asilimia 40.6 dhidi ya 40.1. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2024, JAWS ilirudi mbele kwa asilimia 40.5 dhidi ya 37.7.

Kampuni za mifumo endeshi nazo zilianza kuweka programu za kusomea skrini ndani ya bidhaa zao bila malipo ya ziada. Apple iliweka VoiceOver kwenye kompyuta za Mac mwaka 2005 na kwenye simu ya iPhone mwaka 2009. Android ilipata TalkBack, na mfumo huria wa Linux ukapata Orca. Hata hivyo, mashine za Apple ni ghali, kwa hiyo bei iliyoondolewa kwenye programu hukutwa kwenye kifaa.

Si kila kilichotolewa bure kilidumu. Januari 2014, programu ya Window-Eyes, iliyokuwa mshindani mkuu wa JAWS, ilianza kutolewa bila malipo kwa kila aliyekuwa na leseni halali ya programu za ofisi za Microsoft. Mwaka 2017 wamiliki wake waliacha kuiuza na kuiendeleza, na waliokuwa wameizoea wakalazimika kujifunza programu nyingine.

Sauti ya Kiswahili

Bei si kizuizi pekee. Programu ya kusomea skrini huhitaji sauti inayotamka lugha ya msomaji. Sauti ya Kiingereza ikipewa maandishi ya Kiswahili, hutamka kila neno kwa kanuni za Kiingereza, na msikilizaji hulazimika kukisia kilichoandikwa. Kampuni za biashara hutengeneza kwanza sauti za lugha zenye wanunuzi wengi.

Hapa nako mchango mkubwa ulitoka kwa kazi iliyotolewa bure. Jonathan Duddington wa Uingereza aliandika programu ya sauti mwaka 1995 kwa ajili ya kompyuta za Acorn, kisha akaiboresha na kuitoa kwa umma kwa jina la eSpeak mwaka 2006. eSpeak hutamka lugha nyingi, Kiswahili kikiwa mojawapo, nayo huja pamoja na NVDA. Sauti yake ni kavu na ya kimashine, lakini ni nyepesi kiasi cha kufanya kazi vizuri hata kwenye kompyuta kuukuu, na hutamka Kiswahili kama Kiswahili.

Sheria na forodha

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, unazitaka nchi wanachama kuendeleza teknolojia zinazowafaa watu wenye ulemavu na kutoa kipaumbele kwa zile za gharama nafuu. Kenya, Uganda na Rwanda ziliridhia mkataba huo mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, Burundi mwaka 2014 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2015.

Sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasamehe ushuru wa vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Lakini msamaha huo ulikusudiwa kwa bidhaa zinazopita kwenye vituo vya mpakani. Leseni inayolipiwa na kupakuliwa kupitia mtandao haina sanduku la kufunguliwa na afisa wa forodha, na bei yake huamuliwa na muuzaji aliye nchi nyingine.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilieleza kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja saidizi, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji ndio wanaopata. Programu ya kusomea skrini ni miongoni mwa vifaa hivyo.

Kazi ya mafunzo imekwisha kuanza katika eneo hili. Thika, kaskazini mashariki mwa Nairobi, kuna shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Mwaka 2009 shirika la inABLE lilianza hapo kufundisha wanafunzi matumizi ya kompyuta. Kila shule inayofuata njia hiyo hukutana na swali la leseni tangu siku ya kwanza.

Mambo ya kuuliza kabla ya kununua

Shule, chama cha wasioona au familia inayokusudia kununua programu ya kusomea skrini inafaa kumuuliza muuzaji maswali yafuatayo, na kupata majibu kwa maandishi.

Kwanza, je, leseni inafungwa kwa mtu, kwa kompyuta au kwa toleo la mfumo endeshi? Iwapo kompyuta itaharibika, leseni itahamishiwa kwenye nyingine bila malipo?

Pili, bei ni ya kudumu au ya mwaka? Kama ni ya mwaka, nini hutokea malipo yakikoma: programu huendelea bila masasisho, au huzimika kabisa?

Tatu, kuna sauti ya Kiswahili, na je, imo ndani ya bei?

Nne, kuna bei ya shule, ya kikundi au ya nchi za kipato cha chini? Punguzo hilo halitangazwi kila mara, na asiyeuliza huweza kutozwa bei kamili.

Tano, je, kazi iliyokusudiwa inaweza kufanywa na programu ya bure? Kwa kuandika barua, kusoma habari, kutuma baruapepe na kufanya kazi za shule, NVDA huwatosha watumiaji wengi. Katika ofisi yenye mifumo ya pekee, au kazi inayohitaji mtaalamu wa kupigiwa simu, leseni ya kulipia huweza kustahili gharama yake, na katika hali hiyo anayepaswa kulipa ni mwajiri.

Hatimaye, wanaotumia programu ya bure wakumbuke kwamba nayo ina wanaoigharimia. NV Access huishi kwa michango ya watumiaji na misaada ya mashirika. Taasisi iliyookoa maelfu ya dola kwa kutonunua leseni inaweza kutenga sehemu ndogo ya akiba hiyo kwa ajili ya mchango, au kwa kulipa mkufunzi. Programu bila mtu wa kufundisha mikato ya kibodi hubaki kwenye kompyuta bila kutumika, iwe ililipiwa au ilipatikana bure.